Wavu Mmoja wa Omena

Jirani yangu ndani ya ndege amebeba omena, dagaa wa ziwani, kwenye begi, na harufu imetapakaa kabla hata hatujaondoka Kisumu. Rubani anatangaza kwamba tutafika Nairobi baada ya dakika arobaini na tano.

Huo ndio muda wa kugeuza omena zilizoanikwa kwenye wavu mmoja. Nilifundishwa na Dani, mama yake baba, siku ndege ilipopita juu ya ufuo wetu ikimpeleka mama hospitali Nairobi. Dani alinionyesha omena alizoanika.

"Nyathina, mwanangu, ukimaliza kugeuza hizi, mama yako ashafika. Si mbali."

Nikageuza, magamba yakinata vidoleni. Nilipomaliza, nikajua amefika. Basi nikazigeuza tena, ili arudi. Hakurudi. Kesho yake nikageuza kutwa nzima, na kesho kutwa, mpaka omena zikakatika vichwa, zikawa vumbi la kulisha kuku.

Dani hakuwa na mchezo na omena zake. Siku hiyo ya tatu alirudi kutoka kupokea simu ya hospitali, akaliona lile vumbi. Nikangoja kofi. Alipiga magoti mchangani, akaanza kugeuza pamoja nami.