Nyonga, Asubuhi na Jioni

Katika nyumba ya mnoa visu, kitunguu hukatwa kwa kisu butu. Asiyeamini angemuuliza Mama Vifungo, ambaye tangu aolewe alikuwa akikandamiza nyanya mpaka zinapasuka, huku mumewe pale barazani akiwanolea watu wa mtaa mzima visu vya kuweza kumnyoa sisimizi. Kila akimlalamikia, jibu lilikuwa moja: "Kesho, mama. Wateja kwanza." Kesho hiyo haikufika. Mama Vifungo akazoea kukata kitunguu kwa nguvu ya bega, kama mtu anayepasua kuni.

Mumewe aliitwa Makali, na jina lake la kuzaliwa labda alilikumbuka mama yake marehemu tu. Kazi yake aliifanyia juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Gurudumu la nyuma liliinuliwa kwa stendi ya chuma, likafungwa mkanda uliopanda mpaka kwenye jiwe la kunolea lililokaa mbele, juu ya usukani. Anapanda, ananyonga, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. "Nimeshanyonga safari ya kuizunguka dunia," alipenda kujisifu, "na bado niko mlangoni kwangu." Kando yake mkewe aliweka meza ya nyuzi, zipu na vifungo, na hivyo ndivyo walivyozeeka, bega kwa bega, wakigombana juu ya kelele za jiwe.

Safari ya kuizunguka dunia ina gharama yake. Mguu wa kulia ulianza kuuma pale unaposhikana na kiuno, ukaendelea kuuma mpaka mzee akawa anatembea kama meza iliyovunjika mguu. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Daktari aliyempasua, mtu mcheshi, alimwambia mkewe, "Mama, bawaba ya mguu ilikuwa imekwisha. Tumemwekea mpya, ya chuma." Tangu siku hiyo, nyumbani kwao kile kiungo kikaitwa bawaba. Bawaba imeamkaje? Bawaba inauma? Makali alijivuna nayo kwa wageni: "Msinisogelee na sumaku, nitawafuata."

Lakini majivuno hayakudumu, maana bawaba ilikuja na masharti mengi kuliko ya mkwe. Asikae kwenye kiti kifupi. Asiiname. Asikunje nne. Asigeuke ghafla akiitwa. Alale na mto katikati ya magoti. Choo kiliwekewa kikalio cha kukiinua, naye akakiita kiti cha enzi, akawa anatangaza huku mlango uko wazi: "Mfalme anaketi!" Soksi alivalishwa na mkewe. Asubuhi Mama Vifungo alipiga magoti sakafuni, akaukamata ule mguu uliokonda, akaivuta soksi pole pole mpaka juu ya kifundo, na huku mikono ikifanya upole, mdomo ulifanya kazi yake: "Tuliza mguu, unatikisika kama wa bwana harusi."

"Nilikuoa uwe mke, si mama."

"Na mimi niliolewa na mnoa visu, nimejikuta na mtoto mchanga mwenye ndevu. Lete mwingine."

Mguu ulipokatazwa kazi, ulimi ukashika zamu mbili. Makali aliilaumu chai, akalaumu mto, akamlaumu jogoo wa jirani kwa kuwika bila mpango. Aliyemweza alikuwa mmoja tu, binti wa mazoezi kutoka hospitalini, kijana mwembamba mwenye sauti ya kijeshi. Makali alimbatiza jina la Afande.

"Kaza paja, mzee. Kaza. Shikilia."

"Hii ndiyo dawa? Kukaza paja kama niliyebanwa na haja?"

"Kaza. Sasa telezesha kisigino kitandani, vuta kwako. Usinyanyue."

"Afande, mimi nina kazi inaningoja. Mguu huu unataka kazi, hautaki kubembelezwa."

Afande alimtazama. "Kisu ukikisukumia jiweni kwa pupa kinakuwaje?"

Makali alijibu kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua na hataki kulijibu. "Kinaungua. Kinageuka bluu, makali hayashiki tena."

"Haya. Telezesha kisigino."

Alitelezesha. Ila jioni Mama Vifungo alimwona amesimama dirishani na magongo yake, anaiangalia baiskeli kama mtu anayeangalia wenzake wakila. Mama Vifungo alitoka na spana, akaifungua cheni, akaifuta grisi, akaifukia ndani ya bati la vifungo vikubwa vya makoti, mahali ambapo mwanamume hawezi kupekua.

Bucha, muuza nyama wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyechokonoa kidonda. Alikuja kumjulia hali, kisha akaanza: "Mzee wangu, rudi. Nyama siikati siku hizi, naibembeleza. Wateja wananiuliza kama nauza kwa kuchana. Utarudi lini?"

Makali alicheka. Lakini Afande alipokuja tena, mzee alimuuliza kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia: "Hivi nitaipanda tena?"

"Tutaona mguu utasema nini," alijibu Afande.

Jibu hilo lilimkaa rohoni. Kwa mkewe, kufuma ramani ya dunia kwa nyuzi zake kungekuwa rahisi kuliko kumlisha mzee siku hiyo.

Basi wiki moja Afande hakuja. Simu ikaita asubuhi, Mama Vifungo akaipokea, na kwa kuwa mzee alikuwa ananyoosha shingo, akaiweka sauti ya juu. Afande alikuwa wodini na wakubwa zake, anaongea kwa haraka, na simu inakwaruza.

"Mama, wiki hii nimebanwa. Mwambie mzee sasa ni... kwaru kwaru... nyonga. Asubuhi na jioni. Taratibu."

Mama Vifungo alikodoa macho. "Nyonga?"

"Ndiyo, nyonga! Asiache hata siku moja, la sivyo mguu utalala!"

Simu ikakatika. Makali alikuwa ameshasimama.

"Umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Kasema nyonga!"

"Nimesikia."

"Asubuhi na jioni!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Moyo wake ulikataa. Lakini amri ni amri, na amri ilitoka hospitalini, na yeye ni muuza vifungo. Alikwenda kwenye bati, akachimba, akaitoa cheni iking'ang'ania kifungo cha koti. Makali aliitazama cheni, akamtazama mkewe.

"Kumbe wewe ndiye mwizi."

"Nisingeiba, ungeshavunjika," alisema, akatoka kuifunga mwenyewe.

Alikuwa anamwambia asubiri, aletewe kigoda cha kupandia, asifanye pupa. Alipoinuka kwenda kukifuata, mzee aliegemeza magongo ukutani, akashika usukani, akaurusha mguu wa kulia juu ya tandiko kama alivyourusha maisha yake yote. Ulifika nusu ya njia. Goti likanasa juu ya tandiko, kisigino kikabaki hewani, na sauti iliyomtoka ilimfanya Mama Vifungo akitupe kigoda.

Alimwingia kwapani kwa bega, akamkumbatia kiunoni. Wakasimama hivyo, mguu mmoja chini, mmoja juu ya baiskeli.

"Usinigeuze."

"Sikugeuzi."

"Bawaba imetoka, mama."

"Haijatoka. Pumua." Ni mimi niliyefunga cheni, aliwaza, ni mkono huu huu. Akapiga kelele: "Bucha! Weeee Bucha!"

Bucha alikuwa na foleni. Walipokuwa wanamngoja, uso wa Makali ukiwa umelala shingoni mwa mkewe, alinong'ona: "Nikishindwa kunyonga, hapa barazani nitakuwa nani? Sanamu ya kutangazia vifungo vyako?"

"Utakuwa mume wangu. Kazi hiyo hujaachishwa bado, ingawa sababu umenipa nyingi."

Alimsikia akicheka, cheko dogo lenye maji ndani yake. Bucha akafika mbio na aproni yake, akauinua ule mguu kama anavyoshusha paja la ng'ombe, ila kwa heshima, wakamlaza kitandani, na mto katikati ya magoti.

Alasiri Afande, aliyeitwa kwa simu na Bucha, aliingia bila kubisha hodi. Alilinganisha miguu, akaangalia vidole vimeelekea wapi, akabonyeza hapa na pale, na Mama Vifungo hakuvuta pumzi mpaka aliposikia: "Bawaba iko mahali pake. Nyama za juu ndizo zimevutika. Mmejirudisha nyuma, lakini si sana." Kisha sauti ya kijeshi ikarudi. "Nani kamwambia apande baiskeli?"

"Wewe!" walijibu wote wawili.

"Mimi?"

"Umesema nyonga," alisema Makali. "Asubuhi na jioni. Nina shahidi."

Afande akashika pale mguu unapoungana na kiuno chake mwenyewe. "Hapa. Hapa panaitwa nyonga! Nimesema sasa ni mazoezi ya nyonga! Nani amesema habari za baiskeli?"

"Sisi hiyo tunaiita bawaba," alisema Mama Vifungo kwa unyonge.

Afande alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Alicheka mpaka akaomba kiti, na kiti kirefu kilikuwa cha mgonjwa, ikabidi acheke amesimama. Alipojifuta macho alisema, "Kosa ni langu pia. Ningesema bawaba." Halafu akamgeukia mzee, na safari hii hakumtania. "Utanyonga. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na haraka. Tandiko litapandishwa juu, utapandia kutoka ngazi ya baraza, bila mkanda wa jiwe kwanza. Lakini ni mpaka niseme mimi, na nitasema uso kwa uso, si kwa simu."

Mwanamume akikatazwa hukasirika. Akiambiwa siku ipo, huweza kungoja. Makali alirudi kukaza paja. Alishika nondo za dirisha, akaupeleka mguu pembeni na kuurudisha, akihema, bila kumtukana jogoo. Visu navyo vilikuwa vimelundikana mezani, na asubuhi moja Mama Vifungo alishindwa kuvumilia. Alijifunga gauni kiunoni, akapanda baiskeli mwenyewe.

"Una mikono mizima. Kaa kwenye kiti chako kirefu, shika kisu."

"Wewe?"

"Kwani inataka ndevu?"

Akanyonga. Jiwe likapiga mbio kama limeona mbwa.

"Taratibu, mama! Taratibu! Unaunguza kisu cha watu. Unakimbizwa na nani?"

"Ndiyo leo unaijua taratibu?"

Bucha alitoka dukani akasimama katikati ya barabara. "Mama Vifungo, umeota magurudumu!" Mtaa ukacheka, nao wakacheka. Ndivyo walivyofanya kazi msimu ule, mke miguu, mume mikono, na magomvi yakiwa pale pale.

Afande alisema neno lake uso kwa uso, siku ya mawingu, akamshika mzee mkono kwenye ngazi ya baraza mpaka alipokaa vizuri. Kwanza bila mkanda. Siku nyingi baadaye, na mkanda.

Mama Vifungo hakutaka kuangalia. Aliingia jikoni, akachukua kitunguu, akakodoa macho ukutani na kusikiliza. Jiwe lilianza. Lilikuwa linachechemea: mguu wa kushoto unalisukuma, wa kulia unaliacha, kushoto linanguruma, kulia linanong'ona. Likasita. Likaendelea.

"Mama! Nipe kisu."

"Vya Bucha viko hapo mezani."

"Sitaki vya Bucha. Nipe chako."

Alimpelekea, akarudi jikoni. Kisu kiliporudi kilikuwa kinang'aa kama kigeni. Akashika kitunguu, akaweka bega lake lote kama alivyozoea. Kitunguu kikakatika kabla hajamaliza kukandamiza, na kidole kikafuata.

"Nini tena huko?" Makali akauliza, jiwe likasimama.

Mama Vifungo alikuwa amekitia kidole mdomoni, machozi yanamtoka, na kitunguu kilikuwa pale pale, cha kusingiziwa.

"Hakuna kitu," alisema. "Kesho yako imefika, na imenikata. Nyonga."