Redio ya Mama Funguo

Kazini walimwita Mama Funguo kwa sababu funguo zote za wodi ya wagonjwa wa akili zilining'inia kiunoni mwake. Alikuwa muuguzi mkongwe. Hakuna aliyejua kwamba mwanawe wa pekee, ambaye watu waliambiwa yuko mbali kikazi, alikuwa katika chumba cha uani, akisemeshwa na sauti zisizo na mwenyewe. Mgeni akibisha hodi, mama alikimbilia redio na kuipandisha sauti, kijana asisikike akizijibu.

Siku moja wauguzi waliitwa ukumbini kufundishwa tiba ya mazungumzo kwa wanaosikia sauti. Mkufunzi alisema wasibishane na mgonjwa, wala wasimkubalie tu. Wamuulize sauti zinasema nini, kisha kwa nini anaziamini, wapime naye polepole. Halafu ikaja zamu ya kuigiza. Mkufunzi akawa mgonjwa, na wauguzi wakamsukuma Mama Funguo mbele.

Mkufunzi akaanza kunong'ona peke yake, akiitazama pembe ya ukuta. Ulimi wa Mama Funguo ukateleza.

"Nyamaza, baba. Watu watasikia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Muuguzi mmoja akamtania, "Mama Funguo, tiba hiyo umeisomea chuo gani?"

Mkufunzi hakucheka. Alimuuliza taratibu, "Watu gani, mama?"

Mama Funguo alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasingizia kichwa kinamgonga, akarudi kitini, akazibana funguo mkononi zisilie.

Jioni jirani alipita kuazima pasi, akakaa sebuleni kupiga soga. Mara minong'ono ikaanza uani. Mkono wa Mama Funguo ukaenda wenyewe kwenye redio, kama kawaida yake, ukagota hapo. Akaizima. Akaenda uani, akaacha mlango wazi, akaketi kitandani kando ya mwanawe.

"Zinakwambiaje, baba?"

Kijana alimtazama kwanza, kama anayengoja redio ipande.

"Zinasema unanionea haya."

Swali la pili alilijua: kwa nini unaziamini? Halikutoka. Angemuulizaje, na sababu amempa yeye mwenyewe, kila hodi ilipobishwa?

"Kwa hilo hazikukosea," alisema, macho chini. "Nisamehe, mwanangu."

Jirani akauliza kutoka sebuleni, kuna nani huko. Uso wa Mama Funguo ukawaka moto hadi masikioni.

"Mwanangu," alijibu. "Hakusafiri popote."