Muhuri wa Hajulikani

Karani mstaafu wa posta, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mihuri, alikuwa amechoka hata na kile alichokipenda. Mgongo ulimuuma na macho yalimchuruzika machozi nyuma ya lenzi. Hata hivyo kila asubuhi aliketi katika chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mabinti zake kabla hawajaolewa, akipekua barua za wakati wa vita ambazo hazikuwafikia wenyewe. Posta ilipohamia jengo jipya, wakubwa waliamuru magunia ya barua hizo yachomwe moto. Yeye akayaomba. Wakamcheka, wakampa.

Hakuwahi kufungua barua hata moja. Wakusanyaji wa vitu hivi wana miiko yao, na wa kwanza ni kwamba bahasha iliyofungwa hubaki imefungwa. Alisoma mihuri ya nje tu: barua ilipita wapi, nani aliikagua, ilikwama wapi.

Kulikuwa na moja aliyoitunza kama mboni ya jicho. Ilikuwa na muhuri wa kambi ya askari, muhuri wa wakaguzi wa jeshi, na juu yake mwingine mwekundu: HAJULIKANI. Kwa bahasha hiyo aliweza kuthibitisha kwamba barua zilivuka mstari wa mapigano hata baada ya serikali kutangaza kuwa njia imefungwa. Ilikuwa kazi ya miaka. Makumbusho walikubali kuionyesha, na mtu wao angekuja kuichukua kesho yake.

Mkewe aliingia na ufagio.

"Inua miguu, Baba Watoto. Umekaa mpaka unapata vumbi kama kabati."

Alipoinama kufagia chini ya meza, macho yake yakaangukia bahasha ile.

"He! Kumbe unaandikiana na Mama Vifungo?"

"Nani?"

"Fundi cherehani wa nyuma ya soko. Hili ndilo jina lake. Juzi tulikaa wote hospitali, muuguzi akaliita weee, mwenyewe haitiki. Kashazoea kuitwa Mama Vifungo."

"Haiwezekani. Muhuri unasema hajulikani."

"Hajulikani na nani? Hiyo suruali uliyovaa kaipunguza yeye!"

Bwana Mihuri akaisogeza bahasha karibu na lenzi. Miaka yote hiyo alikuwa amepima upana wa ule muhuri, akachunguza wino wake na umbo la herufi zake, lakini haikumjia hata siku moja atoke nje aulize. Karani gani hauamini muhuri? Mtu fulani kule posta aliwauliza majirani jina wasilolijua, maana wao walimjua kwa lakabu, akagonga muhuri, akaenda zake kula. Basi. Mwanamke mzima akafutwa kwa wino mwekundu, na hakuna aliyeulizwa kwa nini.

"Nitampelekea baada ya maonyesho," akasema hatimaye.

"Mume wangu, yule hakwenda hospitali kutembea."

Bwana Mihuri akavaa viatu polepole, kama anayevaa vya mtu mwingine.

Kibanda cha fundi kilikuwa na mlango mmoja na mkebe wa vifungo kando ya cherehani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Suruali imebana tena?"

"Hapana. Nimeleta barua."

Mama Vifungo aliutazama mwandiko. Mguu wake ukaacha kukanyaga, na cherehani ikanyamaza.

"Huyu aliniacha," akasema. "Alikwenda na jeshi, hata salamu hakuleta. Ndugu zangu wakanicheka wakachoka. Eti kapata mwingine huko."

"Aliandika, mama. Tazama: huu ni muhuri wa kambini, na huu wa wakaguzi. Ilifika mpaka posta ya hapa hapa. Yeye aliituma. Sisi ndio hatukuileta."

"Sisi nani?"

"Sisi watu wa posta."

"Na siku zote hizi ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Chumba cha nyuma."

"Ukiifanya nini?"

Bwana Mihuri akavua miwani.

"Nikiitazama."

Mama Vifungo alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia kitambaa. Bwana Mihuri aliona unakoelekea, akanyosha mkono, kisha akaurudisha. Mkasi ukapita katikati ya muhuri mwekundu, ukaumaliza.

Karatasi ilikuwa moja. Aliisoma akiisogeza mbali na macho, midomo ikitikisika.

"Anauliza kama homa yangu imepona," akasema.

"Ilipona?"

"Ilipona wiki ileile."

Akaanza kuisoma upya, tangu juu. Vipande vya bahasha vilikuwa vimeanguka sakafuni pamoja na masalia ya nyuzi. Bwana Mihuri hakuviokota. Akaketi juu ya robota la nguo za watu, akingoja amalize, na mara hii hakuwa na haraka ya kurudi chumbani. Kulikuwa na magunia mengine kule, yenye majina, na nyuma ya soko kulikuwa na milango mingi ya kubisha.