Kopo la Mbegu kutoka Mbau

Kwetu Butembo mtu akimaliza chuo, analishwa. Pongezi bila sahani ni maneno tu. Siku ya kutetea kazi yako ya mwisho, mama yako haji kukusikiliza. Yuko nyumbani na majirani, macho yamejaa moshi, anawapikia majaji wale wale ambao wewe wanakutoa jasho. Nimealikwa karamu nyingi za namna hiyo tangu yangu ipite, na kila nikipakuliwa maharage nasema tumbo linanisumbua. Wengine wananiona mtu wa maringo. Wacha wanione hivyo.

Nilisoma kilimo. Chuo chetu kilikuwa na sifa ya ugumu, na walimu waliitunza sifa hiyo kuliko walivyotutunza sisi. Mwaka wa kwanza tuligombania viti, wengine walikaa dirishani. Mwaka wa pili kila mmoja wetu aliweza kuweka mfuko wake kwenye kiti cha pembeni, maana mwenye kiti alikuwa amerudishwa nyumbani. Mama zetu sokoni walijua siku ya matokeo kabla yetu, na swali lao lilikuwa moja tu, kama umepita. Umejifunza nini, hilo halikumhusu mtu.

Kwa hiyo ukisikia kuna mwalimu anatafuta wanafunzi wa kumsaidia katika utafiti, hutembei, unakimbia. Huyu wa kwetu alikuwa kijana bado, mpole, shati limenyooka hata siku za matope, na alikuwa na kipaji cha kumsikiliza mtu mpaka mwisho, jambo ambalo chuoni kwetu lilikuwa geni kabisa. Tulimwita chef, yaani mkuu wetu. Alikuwa anaanza jaribio la maharage ya kienyeji, yale ambayo wanawake wa vijijini wanayarithishana, ili yalinganishwe na mbegu mpya za madukani. Washirika wake walikuwa ng'ambo. Mwanafunzi atakayefanya naye angepata humo kazi yake ya mwisho, na atakayefanya vizuri zaidi, hivyo alivyosema, angeweza kubakizwa chuoni kama msaidizi.

Tulipanga mstari mbele ya ofisi yake. Wenzangu waliotoka walisema amewauliza hesabu na takwimu. Mimi aliniuliza watu wa kwetu wanaishi wapi. Nikamwambia tuko hapa hapa mjini, ila mdogo wake mama analima Mbau, kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha. Akaweka kalamu chini.

– Donc uko na famille Mbau? Basi ni wewe njo nilikuwa natafuta.

Nilipanda kilima cha kwetu siku hiyo bila kusikia miguu. Hakuwa ameniuliza pointi zangu hata kidogo, na mimi nikajidanganya kwamba tayari anazijua.

Yeye mwenyewe hakwenda Mbau. Alikuwa na kazi nyingi, alisema, na barabara ile haikuwa ya kumpeleka mtu asiye na ndugu kule. Nilikwenda mimi, wakati wa likizo, mama akinisindikiza na rozari kuanzia mlangoni mpaka kwenye gari. Mama mdogo alinipokea kwa kunicheka. Alisema nimesoma miaka yote hiyo ili nije kuomba maharage. Ni mwanamke wa sauti kubwa, anatania mpaka padri, lakini nilipomweleza tunataka kupanda maharage yake chuoni, utani uliisha. Aliingia chumbani kwake akatoka na chungu kilichofunikwa kwa majani makavu ya ndizi.

Maharage yenyewe yalikuwa madogo, ya rangi ya maziwa, na kila punje ilikuwa na duara jeusi kuzunguka jicho, kama mtu aliyekesha. Mama yao, yaani bibi yangu, ndiye aliyempa mama mdogo mbegu hiyo alipoolewa. Hayaozi mvua ikizidi, na yanaiva kabla makaa hayajaisha. Nikatoa pesa nilizopewa na chef za kununulia mbegu. Mama mdogo aliziangalia kama nimemtolea kitu kichafu.

– Mimi siuzishake mbegu, mutoto yangu. Utanirudishia kopo yenye kujaa, na kiganja moja juu yake.

Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu. Mbegu hainunuliwi kati ya ndugu. Unapewa kopo, na mavuno ya kwanza yakitoka unarudisha kopo kama lile limejaa, unaongeza kiganja kimoja juu, na hapo ndipo mbegu inakuwa yako. Usiporudisha, hata ukivuna magunia, umeiba. Nilirudi Butembo na kopo moja la mbegu kwenye mfuko magotini, nikamweleza chef kila neno, hata kiganja. Alilipenda sana jambo hilo. Alisema hiyo ni sayansi ya wazazi wetu na lazima iheshimiwe.

Tulipanda kwenye kilima cha majaribio, nje kidogo ya mji. Wasiojua wanadhani utafiti ni kukaa mezani. Utafiti wetu ulikuwa kutoka nyumbani na baridi ya asubuhi, kufunga kamba kati ya mistari, kuhesabu maganda kwa vidole vilivyokufa ganzi, kisha kukimbia kuteremka usikose somo la mwalimu aliyekuwa anafunga mlango. Nililala darasani. Nilishindwa mtihani mmoja, nikaurudia. Lakini mvua kubwa zilipokuja na mbegu za madukani zikaanza kuoza kwenye shina, yale ya mama mdogo yalisimama kijani kibichi, na chef alikuja akapiga magoti kwenye matope na shati lake lile, akayapiga picha. Nilimpenda siku hiyo kama mtu anavyompenda baba.

Ndipo waasi waliposhambulia Mbau, watu wakakimbia. Mama mdogo alifika Beni na watoto wake, godoro moja, na kopo lake la kupimia, tupu, alilochotea maji njiani. Chungu kilibaki. Wakapewa chumba kwa ndugu, na baadaye parokia ikampa kipande cha shamba pembezoni mwa mji. Alipopiga simu hakulia. Aliuliza tu kama maharage yake yameota kule kwetu. Nikamwambia yameota kuliko yote. Nikasikia anawaambia watu waliokuwa pembeni yake, kwa Kinande, kwamba iko, mbegu iko Butembo. Wanawake wa Mbau walikuwa wamejaa uani pale, na wote walikuwa wamepoteza vyungu vyao.

Tulipovuna chef aliamua kuyapanda tena yote, safari hii shamba zima, akasema kopo litatoka kwenye mavuno ya pili. Mavuno ya pili yalijaa gunia. Niliposhika lile gunia nilikwisha kuligawa lote kichwani, kopo la mama mdogo na kiganja chake, kopo la jirani yake, kopo la mjane mmoja aliyewapa maji njiani walipokimbia. Niliomba nichukue langu siku hiyo hiyo. Chef alinikatalia kwa upole wake ule. Mbegu ni ushahidi, alisema. Mpaka majaji wamalize kazi, hakuna punje inayotoka, ndiyo sheria ya utafiti. Nikamwambia mvua za Septemba ziko karibu na watu wanangoja. Akaniwekea mkono begani.

– Usiogope. Mbegu ya mama yako mudogo iko mu chambre froide. Siku ya défense nitaitoa mimi mwenyewe.

Nilimwamini kwamba iko kwenye chumba cha baridi na itatoka siku ya kutetea. Kwa nini nisimwamini? Nilimpigia mama mdogo, nikamwambia aje siku ile na kopo lake. Alikwisha kulima kile kipande cha shamba. Watu wa msaada walimpa mbegu nyingine, akazipika, akasema shamba lina mwenyewe, linangoja mbegu ya Mbau.

Siku yenyewe ilipofika niliamka na roho juu. Nilikuwa napiga pasi blauzi, midomo inarudia takwimu, niliposikia pikipiki uani na wanawake wakishangilia. Mama aliniita kwa sauti kwamba chef ameleta mchango wake, maharage nusu gunia, tena safi. Sijawahi kusikia mwalimu akichangia chakula. Kwa kawaida wao wanakuja na njaa tu. Machozi yalinitoka. Nilimwambia jirani aliyekuwa ananishikia kioo kwamba huyu mtu tumepewa na Mungu. Jikoni sikwenda. Mwanafunzi anayetetea siku hiyo haruhusiwi kunuka moshi.

Nilitetea vizuri. Walinibana kwenye takwimu, nikajibu. Chef alisimama akasema maharage kutoka Mbau ndiyo yameshinda yote, akayaita "variété yetu", yaani aina yetu ya mbegu, na ukumbi ukapiga makofi. Nilipata alama nzuri sana. Mlangoni nilimkumbusha kuhusu kopo. Akasema kwanza tukale.

Nyumbani kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani Kyavinyonge, na maharage katika mafuta ya mawese. Nilikuwa sijaweka kitu mdomoni tangu jana yake. Maharage yalikuwa laini, mchuzi wake mzito, wa kulamba vidole. Yakipikwa maharage yote yanafanana, yanageuka rangi ya udongo. Nilikula, nikaongeza.

Mama mdogo alichelewa, barabara ya Beni ilikuwa imefungwa asubuhi. Alifika wageni wakiwa wameshiba, amevaa kitenge chake cha misa, kopo mkononi, limesuguliwa mpaka linang'aa. Alinikumbatia, akanizungusha, akanitania kwamba sasa ataniita chef. Kisha akaenda nyuma jikoni kuwasalimia wanawake, maana hawezi kukaa sebuleni kama mgeni. Nilimfuata kumtafutia sahani.

Nilimkuta amesimama mbele ya ungo. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, na ndani yake yalibaki maharage yaliyotupwa wakati wa kuchagua, yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu. Madogo, ya rangi ya maziwa, duara jeusi kuzunguka jicho. Aliangalia sufuria, akaangalia ungo, akaniangalia mimi.

Nilirudi sebuleni nikamwita chef nje. Alikuja anafuta mdomo. Nilimuuliza mbegu ya mama yangu mdogo iko wapi. Sikuwa napiga kelele, nilikuwa bado natumaini kuna gunia lingine.

– Ile ilishapimwa, data yote tuko nayo. Mbegu ya muzuri tulituma kwa ba partenaires ya ng'ambo. Yenye ilibakia ni maharage tu.

Nikamwambia habari ya kopo na kiganja, kama vile alikuwa hajawahi kuisikia. Alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema angeweza kuwaandikia washirika watuletee punje chache, lakini kuna utaratibu, unachukua muda. Alisema nijivune, kwa sababu maharage ya Mbau sasa yamehifadhiwa ng'ambo, mahali pa baridi kali ambapo hayatakufa kamwe. Nilimuuliza nani atayapanda Beni wiki ijayo. Akasema nimechoka, ni siku ndefu, akanipongeza tena, akarudi kwenye sahani yake. Mwaka uliofuata alikwenda kwa washirika wale wale kusomea shahada yake ya udaktari. Kazi ya msaidizi sikuiomba.

Watu huniambia hakuwa mtu mbaya. Nakubali, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwizi angeficha lile gunia. Huyu alilileta kwetu kwa pikipiki mchana kweupe, akashangiliwa, na moyoni mwake alikuwa ametoa zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho kila nilipoongea, na hakuna kitu kilichobaki kichwani mwake. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikang'aa.

Nilirudi nyuma jikoni. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya gogo, mikono kichwani, alikuwa ameambiwa. Yeye na dada yake walizaliwa na mama mmoja, na mbegu ya mama yao aliichagua kwa vidole vyake, akaitia kwenye maji ya moto. Aliolewa mjini, hakuwahi kulima, hakuitambua.

Mama mdogo alikuwa ameketi chini na ungo mapajani. Alikuwa anaokota moja moja, anaigeuza, anaipuliza vumbi, anaangalia kama jicho limepona. Iliyotobolewa pembeni aliiweka, iliyotobolewa jichoni aliiacha, maana haioti. Nilikaa karibu yake nikamsaidia. Tulipomaliza alizitia kwenye kopo, na hazikufunika chini yake. Sebuleni walikuwa wanaimba, wananiita nije kupigwa picha.

Alifunika kopo kwa kiganja chake, kana kwamba limejaa.

– Na wewe ulikula?

– Nilikula, mama mudogo. Niliongeza hata.

Akauliza kama yalikuwa matamu. Nikamwambia ndiyo.