Bakuli la Kuchovya

Kila sherehe ya hekalu la Kibudha mjini Hilo, Hawaii, Keoni huchoma nyama, lakini macho yake huwa kwa mama wa sosi. Mama huyo huikamua tangawizi kwa ngumi mpaka vifundo vya vidole vinageuka vyeupe, humimina mchuzi wa soya na sukari, huonja tone mgongoni mwa kiganja, kisha hunyamaza kama anayesikiliza. Akiridhika, huigawa sosi yake hiyo ya teriyaki: beseni la kulowekea nyama huku, bakuli la kuchovya kule, limefunikwa. Mwaka huu foleni ilirefuka, bakuli likapungua, na Keoni akalijaza kwa upawa kutoka beseni la nyama.

“Umechota wapi?” mama akauliza, bila kupandisha sauti.

“Kwenye nyama, anti. Tuichemshe tu, haina neno.”

“Kwako haina neno. Na Mama Uyeda, aliyeacha nyama mpaka amalize msiba wa mumewe? Tofu yake, hiyo jibini ya soya, aichovye wapi?”

Akaimwaga sosi yote ya bakuli, akachukua tangawizi nyingine.

“Anti, leo tutakula kweli?” mtu wa mbele akanung'unika.

“Tumbo hilo, Shigeo, lina akiba ya wiki nzima.”

Foleni ikacheka, ikangoja. Akakamua polepole vilevile, akaonja, akanyamaza vilevile. Mama Uyeda alipofika, alichovya tofu, akatafuna, akakunja uso.

“Sukari imezidi.”

“Nisamehe, mama. Mwakani nitapunguza.”

Mama wa sosi akalifunika bakuli, bila kumtaja Keoni. Keoni akainama, akageuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.