Shimo la Gereji Kando ya Kaburi la Baba

Kazi ya ufundi wa magari nimeifanya miaka mingi nikiwa nimelala chali juu ya boksi lililokatwa. Gereji ya Dongobesh nilikoajiriwa haikuwa na shimo wala sakafu ya zege; ilikuwa ua na lango tu. Kiangazi unakula vumbi, masika unalowa mgongo, na mwenye gari amesimama karibu na kichwa chako anauliza kama bado sana. Mimi hasira zangu ziko karibu. Niliwahi kumjibu mmoja wao aingie yeye chini ya gari aone mwenyewe kama bado, na tajiri wangu akanivuta pembeni kunikumbusha kwamba mteja ni mfalme. Nikamwambia basi mfalme naye aje alale kwenye tope.

Kwa hiyo gereji ya nyumbani nilikuwa naijenga kichwani siku nyingi. Kwetu ni kando ya barabara iendayo hospitali ya Haydom, na magari yanayopeleka wagonjwa hayaishi kupita, mengine yakikohoa kuliko wagonjwa wenyewe. Kazi isingekosekana. Lakini sababu yenyewe hasa ilikuwa mama. Tangu baba afariki, mama alikuwa anaishi na mimi na mke wangu, na moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Akitoka kuchota maji ilibidi akae chini njiani. Akibanwa na pumzi mchana, mimi huko Dongobesh nilipata habari jioni, mambo yakiwa yamekwisha, nikabaki kuuliza maswali ya kijinga. Nilitaka kufanyia kazi mahali ambapo akiita nitasikia.

Nilichora ramani uani kwa ncha ya bisibisi. Nguzo na paa la bati, upande wa barabara ubaki wazi. Meza ya mbao ngumu ikae chini ya dirisha ili nisijitie kivuli, na jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, lifungwe mwishoni mwa meza ili bomba refu la ekzosi lipate pa kutokea. Boriti ya katikati iwe nene, ibebe mnyororo wa kunyanyulia injini. Jeki, spana na jiliwa nilikuwa navyo tayari. Nilivipata kimoja kimoja, nikavisukuma chini ya kitanda, na mke wangu alishachoka kujigonga vidole kila anapofagia.

Kilichobaki ni shimo. Shimo ndilo gereji. Bila shimo una banda la mbuzi. Liwe jembamba kuliko nafasi iliyo kati ya matairi, liwe na kina cha kunitosha nisimame chini ya gari bila kukunja shingo, ngazi upande mmoja, kuta za matofali ya kuchoma zisije zikaniporomokea.

Mahali pa kulichimba ndipo paliponisumbua. Kwetu ni mteremko mtupu. Chini ya nyumba, maji ya masika yangeligeuza shimo kuwa lambo. Juu kuna zizi. Tambarare ilikuwa moja tu, ubavuni mwa nyumba, pale tulipomzika baba. Huku watu huzikwa nyumbani, karibu na waliowaacha, na kaburi la baba nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba macho yalilipita tu. Mimi niliona tambarare, udongo mgumu, na gari likiingia moja kwa moja kutoka barabarani bila kukata kona.

Kabla sijaanza, mama akazidiwa. Tulimpandisha basi asubuhi, mke wangu akiwa amemkumbatia kwenye kiti, na huko Haydom wakamlaza wakamwekea oksijeni. Nilishinda nje ya wodi ya wanawake nikingoja saa ya kuona wagonjwa. Ilipofika nilimshika mama mguu, maana mikono ilikuwa imejaa mipira na plasta. Hakuweza kuongea. Mke wangu akaniambia nirudi nyumbani, ng'ombe hawana mtu, na kule kusimama kwangu bila neno kunamtisha mgonjwa. Alisema kweli, nikarudi.

Nyumbani sikuwa na cha kumfanyia mama. Udaktari siujui, na kuomba naomba vibaya, nasahau nilikoanzia. Nikachukua sururu na beleshi nikaenda pale tambarare. Sikulichimba shimo lote kwa mkupuo. Nilianza na upande wa ngazi, nikashuka chini. Nilichimba kutwa nzima na kesho yake tena, nikiurundika udongo vizuri pembeni kama mtu mwenye akili zake timamu. Wapita njia walinitazama. Mama jirani, ambaye tangu nikiwa mdogo namwamkia shikamoo, alisimama na ndoo yake kichwani, akatazama, akaitikia "marahaba" kwa sauti ndogo na kuondoka haraka. Nilidhani amechoka.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nakamua ng'ombe niliposikia kilio langoni. Kilikuwa kile cha msiba, kinachoanzia juu kikashuka. Nilitoka na ndoo ya maziwa mkononi. Mama jirani alikuwa anakuja, mikono kichwani, na nyuma yake wanawake wenye kuni na unga, na wanaume wamebeba mabenchi ya kanisa. Alinikumbatia akasema, "Mwanangu, mama yetu ametuacha."

Ndoo ikaniponyoka. Sikuuliza amejuaje. Nani huuliza? Habari za Haydom husafiri na mabasi. Kondakta humwambia muuza duka, muuza duka humwambia mpita njia, na mwenye msiba huwa wa mwisho kujua. Nilielewa mara moja kwamba mke wangu ameshindwa kuniambia, habari amezipitisha kwa watu. Nikakaa chini pale pale kwenye maziwa nikalia kwa sauti, mwanaume mzima mwenye ndevu. Nililia kwa sababu sikuwepo. Gereji yote niliipanga ili niwepo, na sikuwepo.

Walininyanyua wakaniketisha kwenye benchi. Nikapiga simu ya mke wangu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani, na hilo nalo nikalihesabu kuwa ushahidi. Wanawake waliwasha moto na sufuria ya chai ikapanda. Wanaume walivua makoti, wakawa wanaulizana sururu iko wapi ili wamalizie. Neno hilo nililisikia lakini halikuniingia.

Mzee wa kanisa akaja kukaa karibu nami, akanishika mkono. "Umejitahidi, mwanangu," akasema taratibu, "lakini mfiwa hachimbi mwenyewe. Ungetuita. Sasa, mwili unafika saa ngapi?"

"Sijui, mzee. Ninyi mmeambiwa saa ngapi?"

"Sisi hatukuambiwa na mtu. Tumeona kaburi."

"Kaburi gani?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nikatazama, na ndipo nikaliona kama walivyoliona wao: shimo jembamba lenye urefu wa mtu, kando ya baba, udongo umerundikwa vizuri, na mgonjwa wa nyumba hiyo yuko Haydom.

"Mzee," nikasema, "lile ni shimo la gereji."

Hakuna aliyecheka. Unaweza kudhani tulifurahi, lakini tungefurahia nini? Wao walilia kwa sababu ya shimo langu, mimi nililia kwa sababu ya kilio chao, na wa kutuambia ukweli hakuwepo. Nikapiga simu tena. Haipatikani. Tukawa watu wasiojua pa kujiweka. Waondoke, je, ikiwa ni kweli? Wakae, watakuwa wanamlilia mtu aliye hai, na huko ni kumwitia mauti. Mama jirani alikuwa amejifunika uso kwa kanga kwa aibu. Mmoja akasema shimo lifukiwe sasa hivi. Mwingine akasema likishaitwa kaburi halifukiwi tupu, lazima kizikwe kitu, hata shina la mgomba.

"Zikeni jeki!" nikafoka.

Mzee wa kanisa alinitazama kwa huruma tu, na hasira ikaniishia miguuni. Akasimama, akaomba sala ya wagonjwa, kila neno akilipima kwanza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha tukanywa chai, maana ilikuwa imeshachemka. Tulikaa vile vile kwenye mabenchi, wote tukiitazama simu yangu.

Mke wangu alipiga karibu na adhuhuri, kwa simu ya mwanamke mwingine aliyekuwa akiuguza pale wodini. Yake ilikuwa imeisha chaji. Alisema mama amekunywa uji. Nikarudia kwa sauti ili wote wasikie, "Amekunywa uji," na wanawake wakapiga vigelegele pale pale walipokuwa wakilia, isipokuwa mama jirani, ambaye alilia upya kuliko mwanzo.

Mama alirudi kwa basi hali yake ilipotulia, amekonda, na mfuko wa dawa mapajani. Siku nilipokwenda kumchukua, daktari aliniita pembeni akanieleza kwa upole kwamba dawa zitausaidia moyo kwenda, lakini hazitaurudisha ulivyokuwa. Mama sikumwambia. Habari ya shimo alielezwa na mama jirani mwenyewe, na mimi nikajiandaa kukemewa. Badala yake alicheka mpaka pumzi ikamkatika, halafu akataka kujua nani alileta kuni na nani hakuonekana. Majibu mengine hakuyapenda.

Jioni akaniomba nimpeleke akalione. Nilikuwa sijalifukia wala kuliendeleza. Nilikuwa nimelifunika mabati tu na kuyawekea mawe. Nikayaondoa. Akalitazama kidogo, kisha akasema anashuka.

"Mama, hapana."

"Nishike mkono."

Nikamshika. Alishuka ngazi za udongo moja moja, akipumzika kila ngazi, mpaka akasimama chini. Mama ni mfupi, na ukingo ulimpita kichwa. Alipapasa ukuta huku na huku kwa kiganja, kama anayekagua chumba cha kupanga.

"Ni refu sana kwangu," akasema kwa lugha yetu. "Hili usilifukie, fanyia kazi yako. Langu lichimbeni upande ule mwingine wa baba yako. Na zege msiniwekee kama mlivyomwekea yeye. Zege lina baridi."

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo, kwamba daktari amesema atapona. Nilisimama pale juu nikimtazama utosini, na nilichoweza kusema kilikuwa, "Sawa, mama."

"Haya, nitoe sasa. Kupanda ngazi pumzi haitoshi."

Nikapiga goti ukingoni, nikampa mikono yote miwili. Mimi nimezoea kunyanyua giaboksi na injini, na mwili wangu hujiandaa wenyewe kabla ya mzigo, miguu hukaza na mgongo hukaza. Nikavuta, na nusura nianguke chali, kwa sababu uzito niliojiandalia haukuwepo.