Siku Niliyong'oa Matoka

Nakumbuka siku moja, mwaka ule wa ugali wa njano. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yetu meupe yakaisha ghalani, tukala unga wa msaada ulionuka gunia, na watoto wakaapa kwamba hicho ni chakula cha kuku. Mwanangu, usiniulize tarehe. Shule mimi niliiona mlango tu, lakini tumbo langu halijasahau.

Tulikuwa tumetoka upande wa Nyeri, watu wengi kwa pamoja, tukanunua shamba la Mzungu mmoja karibu na mji wa Ziwa, upande wa Eldoret. Siku ya kugawana, karatasi zenye namba za vipande zilitiwa kwenye sufuria, kila jamii ikachota yake. Mimi nikachota kipande chenye nyumba ya Mzungu mwenyewe: ukuta wa mawe, madirisha ya vioo, sakafu ya mbao. Nilipiga vigelegele mpaka mume wangu, Baba Njoki, akaniambia nifunge mdomo, wenzetu wamepata miiba.

Nyumba hiyo niliipenda vibaya. Kila Jumamosi nilipiga magoti, na si ya maombi, ya kupaka sakafu polishi. Na usicheke: tulilala jikoni kwenye moshi, watoto wanne na baba yao, ili nyumba isichafuke.

Mipaka ya kwanza tulikuwa tumeipima kwa hatua za miguu. Kisha akaja mpima mashamba na minyororo yake. Akapima, akarudia, akagonga kigingi katikati ya viazi vyangu, akaenda zake akisema ramani itafuata. Nyumba yote ikabaki upande wa jirani, Mama Wairimu, mjane wa kibanda cha nyasi na watoto watano. Baba Njoki alikuwa kazini Eldoret. Mama Wairimu alikuwa soko la Ziwa. Niliyeona ni mimi peke yangu.

Nikang'oa kigingi, nikakipeleka ng'ambo ya nyumba. Kando yake nikapanda matoka, yale maua ambayo kwetu ndiyo alama ya mpaka. Hata mwendawazimu hakuthubutu kuyagusa. Niliyachimba makubwa kule mtoni pamoja na udongo wake, yaonekane ya zamani. Na mimi nimeokoka, kanisani naimba mstari wa mbele! Mama Wairimu aliporudi na kikapu chake aliyatazama maua, akanitazama mimi, akashika njia yake.

Tangu hapo usingizi ukanihama. Mbwa akibweka, nafikiri wamejua.

Alhamisi moja ushirika wa kanisa ulikuja kuomba kwangu. Kulikuwa na manyunyu, lakini niliwapangia viti nje, kwa ajili ya matope ya viatu vyao. Mama Rahabu, bibi mzee wa kanisa letu, alikuwa ametembea peku kutoka Kiplombe. Akaniita kando. Hakufoka.

"Mama Njoki, tangu nikuje hapa umeangalia miguu yangu mara saba. Uso wangu hujauangalia hata mara moja. Ni nini umeficha huko ndani?"

Habari ya kigingi hakuijua. Aliuliza tu kama mzazi. Lakini nilirudi mbele ya viti. Sisi tuliookoka siku hizo hatukutubu kwa minong'ono, tulitubu mbele ya watu. Basi nikasimama kwenye yale manyunyu nikasema kigingi, nikasema matoka, nikasema yote. Baba Njoki, aliyekuwa amerudi likizo, alijishika kichwa. Mama Wairimu alikuwa pale pale, kiti cha mwisho. Akasema, "Nilijua. Matoka makubwa hivyo hayamei kwa siku moja ya soko. Nilikuwa nangoja uchoke."

Watu wakacheka, nami nikacheka na machozi. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu ilifika mwisho nikashukuru. Nilichukua jembe nikayang'oa maua mbele yao, ufunguo nikamtia Mama Wairimu mkononi. Sisi tukajenga ya udongo, mabati juu, na watoto wakaingia na matope yao mpaka kitandani. Siku ya kwanza humo nililala mpaka jogoo akachoka kuwika.

Haikupita wiki, mwenyekiti wa kundi letu la kununua shamba akaja, tumbo limetangulia. Alisema mjane hawezi kutunza nyumba kubwa vile, kwa hivyo tubadilishane naye vipande, yeye mwenyekiti ataongea na mpimaji. Baba Njoki akaniangalia, nikaona ametamani. Nikajibu mimi: "Sirudi. Kwa nyumba ile nililala na jicho moja. Huku nalala na yote mawili."

Mwanangu, sikukatazi kununua shamba. Nunua, jenga, paka rangi. Lakini kitu kikikufanya umweke mgeni kwenye mvua, jua kimekuwa mungu wako mdogo, na miungu midogo hula sana. Kitakula maombi yako, kitakula jirani yako. Mtaka yote hukosa yote. Ukipewa, shukuru, ukiambiwa uache, acha mapema, kabla hakijakufundisha kuiba. Mbinguni hakuna atakayekuuliza sakafu yako iling'aa namna gani.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, akupe majirani wenye subira, akupe moyo usio na kufuli.

Wajukuu wangu wamesoma, na ninajivunia kila mmoja. Lakini wameanza kuniambia ardhi ile sasa ni mali nyingi, eti twende kwa wakili tufufue ile karatasi ya sufuria, tudai nyumba ile. Waliniuliza Krismasi, wakaniuliza tena Pasaka. Niliwajibu vile nilivyomjibu mwenyekiti: "Sirudi. Kwa nyumba ile nililala na jicho moja. Huku nalala na yote mawili."